“Sopa de Caracol”: ngoma ya matanga iliyochezwa na mamilioni, na wenyewe wakabaki nyuma

Ukialikwa harusi Honduras, Mexico, au kwa Walatino wa Los Angeles, ngoja ile saa ambayo bibi harusi amekwisha kuvua viatu. Nyimbo za polepole zinakatika. Ngoma inaingia mbio, gita inaifuata, na watu wazima waliokuwa wamekaa na sahani zao wanainuka kama walioitwa majina. Viuno vinaanza kazi. Kiitikio kikifika wote wanapaza sauti, na ukimsimamisha mmoja wao na kumuuliza maana ya maneno anayoimba, huenda akacheka tu na kurudi kucheza.

Wimbo wenyewe ni “Sopa de Caracol”, yaani supu ya konokono wa bahari. Uliimbwa na Banda Blanca, orkestra ya Honduras inayoongozwa na Pilo Tejeda, na mwaka 1991 ulifika namba moja kwenye orodha ya nyimbo za Kilatino inayotolewa na gazeti la Billboard la Marekani. Orodha hiyo ilikuwa imezoea majina makubwa ya Mexico, Uhispania na Puerto Rico. Honduras ilijulikana nje kwa ndizi, vimbunga na wanajeshi. Haikuwa nchi ambayo mtu angeitafuta kwa ajili ya muziki wa kucheza.

Lakini kiitikio kile hakikutoka katika Kihispania. Mapigo yale nayo si ya salsa, wala merengue, wala cumbia. Yametoka kwa Wagarifuna, watu weusi wa pwani ya Karibiani ya Amerika ya Kati. Na aliyetunga wimbo mara ya kwanza si mtu wa Banda Blanca, wala si Mhonduras. Ni mwanamuziki wa nchi jirani ya Belize, Hernan Ramos, ambaye watu wanamwita Chico. Banda Blanca waliuchukua wimbo wake, wakaujaza Kihispania na vyombo vya studio, wakauacha na ladha ya Kigarifuna kwenye kiitikio, na dunia ikaupokea kama wimbo wa Honduras.

Zaidi ya miaka 30 imepita na ubishi haujaisha. Ili kuuelewa, tuanze na watu wenyewe.

Watu waliotupwa kisiwani

Historia ya Wagarifuna inaanzia Saint Vincent, kisiwa kidogo cha Karibiani. Wao wenyewe husimulia kwamba katika karne ya 17 meli zilizobeba Waafrika watumwa zilivunjika karibu na pwani, na mwaka unaotajwa sana ni 1635. Walionusurika walipokelewa na wenyeji wa kisiwa, Wakaribu na Waarawaki, wakaoana nao. Baadaye walijiunga nao watumwa waliotoroka kwenye mashamba ya visiwa vya karibu. Waingereza waliwaita “Wakaribu weusi”, na waliwaogopa, kwa sababu hawa walikuwa watu weusi huru, wenye ardhi na wenye silaha, katikati ya visiwa vilivyoishi kwa utumwa.

Waingereza walitaka ardhi ile kwa ajili ya miwa. Vita vikapiganwa. Chifu Joseph Chatoyer, ambaye Wagarifuna wanamwita Satuye, aliuawa mwezi Machi 1795, na mwaka uliofuata watu wake wakashindwa. Kilichofuata kinafanana na habari ambazo msomaji wa mashariki mwa Congo amezizoea mno: nyumba na mashamba vilichomwa, na watu wapatao 5,000 wakakusanywa na kupelekwa Baliceaux, kisiwa kidogo cha mawe, kisicho na maji ya kutosha. Karibu nusu yao walikufa huko kwa magonjwa, ndani ya miezi michache. Waliobaki, zaidi kidogo ya 2,000, walipakiwa kwenye meli na kushushwa Roatán, kisiwa kilicho mbele ya pwani ya Honduras. Ilikuwa tarehe 12 Aprili 1797.

Kutoka hapo walisambaa kwenye pwani: Honduras, Belize, Guatemala, Nicaragua. Walibeba mbegu za muhogo, ngoma zao na lugha yao.

Lugha hiyo inafaa tusimame nayo kidogo. Mzizi wake ni wa Kiarawaki, yaani lugha ya wenyeji wa Amerika, lakini imechukua maneno ya Kikaribu, Kifaransa, Kihispania na Kiingereza. Mkongomani akimsikia Mgarifuna anahesabu, namba tatu za kwanza hatazielewa. Kuanzia nne atageuza kichwa: gádürü, seingü, sisi, sedü, widü, nefu, dîsi. Ni quatre, cinq, six, sept, huit, neuf, dix, zilizochukuliwa kwa Wafaransa waliofanya biashara Saint Vincent zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Mapigo ya usiku wa mwisho wa maombolezo

Kwetu hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba matangani watu wanaimba na kucheza. Kwa Wagarifuna ni hivyo hivyo. Baada ya maziko kuna siku tisa za sala, na usiku wa mwisho familia inapika, pombe inatoka, wazee wanasimulia hadithi, na ngoma inalia hadi kunapambazuka. Ngoma inayotawala usiku ule ni punta.

Watu wanasimama duara. Mwanamke anaingia katikati, au mwanamume na mwanamke wanaingia wakiwa wawili, na wanacheza kwa kushindana. Kifua kinatulia karibu kabisa, miguu inasugua mchanga kwa hatua fupi za haraka, na kazi yote inafanywa na kiuno. Mgeni anayeona hivyo mbele ya msiba anaweza kukasirika. Wenyewe hawaoni kosa, kwa kuwa mtu ameondoka, na wanaobaki wanacheza kile kinacholeta watu wengine duniani.

Ngoma zinazopigwa ni mbili, zimechongwa kwenye gogo la mti mgumu na kuwambwa ngozi, na juu ya ngozi wanavuta nyuzi ili sauti itoke na mtetemo. Ile kubwa, segunda, inashika mapigo yale yale bila kuyaacha. Ile ndogo, primera, ndiyo inayoongea. Mpigaji wa primera anatazama miguu ya anayecheza na kuijibu, na mchezaji mzuri anaweza kumtesa mpigaji mpaka atoke jasho. Kuna kayamba zinazoitwa sisira. Na mara nyingine kuna gamba la konokono mkubwa wa bahari, lililotobolewa na kupulizwa kama baragumu. Ni konokono yule yule wa kwenye supu: nyama inaingia chunguni, gamba linaingia ngomani.

Watunzi wa nyimbo za punta, tangu zamani, ni wanawake hasa. Wanaimba kuhusu mume aliyepanda meli na hakurudi, mtoto aliyefika New York na haandiki, jirani mwenye mdomo, ugonjwa, deni. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Nyimbo nyingine za Wagarifuna, hasa zile za ibada ya mababu, husemwa kwamba mtunzi alizipewa usingizini. Nyimbo zinapita kijiji hadi kijiji, na aliyezitunga anajulikana na majirani zake, hata kama hakuna karatasi yoyote inayosema hivyo. Jambo hili la karatasi tutalirudia.

Kasa, gita na moto wa Bronx

Mwishoni mwa miaka ya sabini, vijana wa Dangriga, mji wa Wagarifuna kusini mwa Belize, walikuwa wanasikiliza reggae ya Jamaica, soca ya Trinidad na soul ya Marekani. Ngoma za bibi zao waliziona ni za vilio tu. Pen Cayetano, mchoraji na mwanamuziki wa hapo hapo, akafanya jambo ambalo baadaye lilionekana rahisi: alichukua mapigo ya punta, akayaongezea kasi, akaweka gita ya umeme, na magamba ya kasa yakapigwa kwa vijiti kama vile watu wa rumba wanavyogonga chupa. Orkestra yake ikaitwa Turtle Shell Band, maana yake orkestra ya gamba la kasa. Mtindo ukaitwa punta rock. Uliimbwa Kigarifuna, na ghafla vijana waliokuwa wanaona haya kuisema lugha hiyo barabarani wakawa wanaiimba kwa sauti.

Kutoka Belize mtindo ulivuka mpaka hadi Honduras, na kwa ndege ukafika New York, hasa mtaa wa Bronx, ambako Wagarifuna wengi walikwenda kutafuta kazi. Huko nako ulikutana na msiba mkubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi 1990, mtu mmoja mwenye hasira na mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ndani alimwaga petroli mlangoni mwa klabu ya Happy Land na kuiwasha. Watu 87 walikufa. Wengi walikuwa Wahonduras, na kati yao Wagarifuna wengi, vijana waliokuwa wametoka kucheza siku ya Jumamosi. Klabu hiyo ilikuwa imeamriwa ifungwe kwa kukosa njia za kutokea moto.

Mwaka mmoja baadaye, punta ya Banda Blanca ilikuwa inapigwa kwenye kila redio ya Kilatino ya mji huo huo.

Nani mwenye wimbo?

Tuseme wazi walichofanya Banda Blanca, maana ubishi mara nyingi unaruka jambo hili. Walikuwa wanamuziki hodari. Walisikia kwamba mapigo ya matanga, yakisafishwa studio na kuwekewa tarumbeta na kinanda, yanaweza kumwinua mtu ambaye hajawahi kuiona Honduras hata kwenye ramani. Hilo linahitaji sikio. Walilipa taifa zima wimbo wa kujivunia, na hadi leo Mhonduras aliye ughaibuni akiusikia anasimama.

Lakini jina la orkestra lenyewe linachoma: Banda Blanca ni “orkestra nyeupe”. Wagarifuna walitazama wanamuziki wasio wa kabila lao wakizunguka Amerika yote na mapigo ya matanga yao, huku orkestra za vijiji vyao zikiendelea kupiga kwenye mchanga bila kipaza sauti. Belize nako watu waliumia kwa sababu yao: mtunzi ni wao, na dunia haikumjua. Ukimtaja Chico Ramos Mexico au Colombia leo, wengi watakuuliza ni nani. Ukiwatajia Pilo Tejeda, wazee watakuimbia.

Ugumu uko kwenye namna sheria ya hakimiliki inavyofanya kazi. Sheria inatambua mtu mwenye jina, aliyesaini, kwa kazi iliyorekodiwa au kuandikwa. Inaweza kumlinda Chico Ramos, kama karatasi zake ziko sawa. Haina namna ya kulinda mapigo ya segunda. Haimjui mwanamke wa Hopkins au Trujillo aliyeanzisha kiitikio mbele ya maiti ya kaka yake mwaka 1950. Kwa hiyo hata siku ambayo jina la mtunzi linaandikwa vizuri na malipo yanamfikia, sehemu kubwa ya kilichoufanya wimbo ule uwe mtamu inabaki bila mwenyewe kisheria. Mtu wa studio anaichukua kama anavyochukua maji ya mvua.

Wahonduras wengine hujibu kwamba bila Banda Blanca dunia isingelijua hata neno punta. Ni kweli. Binafsi naona jibu hilo linathibitisha malalamiko badala ya kuyafuta: dunia ilijua neno, haikujua watu. Wangapi kati ya waliocheza mwaka 1991 walijua kwamba kuna taifa linaloitwa Wagarifuna?

Supu, na pwani inayopikiwa

Supu yenyewe, tusiisahau, ni chakula cha kweli. Nyama ya konokono yule ni ngumu kama raba, kwa hiyo inapondwa kwanza. Kisha inapikwa kwenye tui la nazi, pamoja na ndizi za kijani, muhogo na majani ya kutia harufu. Kwenye meza ile ile utakuta hudutu, ndizi zilizochemshwa na kutwangwa kwenye kinu mpaka zishikane, zinazoliwa kwa mkono na mchuzi wa samaki. Mtu wa Kisangani atatazama sahani na kusema hii ni lituma. Hatakuwa mbali.

Konokono huyo sasa ni bidhaa ghali. Tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES, kwa sababu amevuliwa kupita kiasi, na mwaka 2003 nchi zilitakiwa zisiagize konokono wa Honduras mpaka uvuvi wake uwekwe sawa. Belize hufunga msimu wa uvuvi kila mwaka ili konokono wazaane.

Bahari ikipungua, ardhi nayo inabanwa. Pwani ya Honduras ambako Wagarifuna walishuka na ngoma zao ndiyo ile ile inayotakiwa leo na wenye hoteli na mashamba ya michikichi. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba serikali ya Honduras ilivunja haki ya ardhi ya jamii mbili za Wagarifuna, Triunfo de la Cruz na Punta Piedra. Hukumu ni jambo moja, utekelezaji ni lingine. Tarehe 18 Julai 2020, alfajiri, watu wenye silaha waliovaa mavazi ya polisi waliingia Triunfo de la Cruz na kuwachukua wanaume wanne Wagarifuna, akiwemo kiongozi wa jamii hiyo, Sneider Centeno. Hawakurudi. Shirika la Wagarifuna la OFRANEH limeendelea kudai majibu.

Unapoelewa hayo, swali la nani mwenye wimbo linakuwa kubwa kuliko hesabu ya pesa za diski. Watu wanaoambiwa kila siku kwamba ardhi si yao wanaambiwa pia kwamba wimbo si wao.

Njia nyingine

Wapo waliochagua kutobishana na kufanya kazi. Andy Palacio, mtoto wa kijiji cha Barranco kusini mwa Belize, alianza na punta rock ya kucheza, na alikuwa nyota. Lakini tangu ujana alibeba jambo moncoyo. Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua kusaidia kufundisha watu kusoma na kuandika, na kwenye vijiji vya Wagarifuna vya huko alikuta lugha imebaki midomoni mwa wazee tu. Aliona kijiji chake kitakavyokuwa.

Pamoja na mtayarishaji Ivan Duran wa studio ya Stonetree, Palacio aliacha vinanda vya umeme na kurudi kwenye ngoma za mti, gita kavu na sauti za wazee. Kati ya aliowaleta alikuwa Paul Nabor, mzee wa Punta Gorda aliyekuwa mwimbaji na pia kuhani wa ibada ya mababu. Albamu ilitoka mwaka 2007 ikaitwa “Wátina”, maana yake “niliita”. Hakuna aliyeipigia harusini Los Angeles. Hata hivyo ilisifiwa sana na wahakiki wa muziki wa dunia, ikampatia Palacio tuzo ya WOMEX, na UNESCO ikamteua kuwa msanii wake wa amani. UNESCO yenyewe ilikuwa imekwisha kuitambua lugha, ngoma na muziki wa Wagarifuna mwaka 2001, miaka 20 kabla ya rumba yetu kuingia kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Palacio hakufurahia matunda kwa muda mrefu. Alifariki tarehe 19 Januari 2008, akiwa na miaka 47.

Mwaka huo huo Duran alitoa kazi nyingine, iliyomchukua karibu miaka kumi kuikusanya. Alikuwa akipita kijiji hadi kijiji, Belize, Guatemala na Honduras, akirekodi wanawake majumbani na jikoni mwao, wale wale ambao nyimbo zao za matanga zililisha orkestra za wanaume tangu mwanzo. Albamu inaitwa “Umalali”, neno la Kigarifuna lenye maana ya sauti. Mmoja wa wanaosikika humo ni Sofia Blanco, mama wa Livingston, Guatemala, mwenye sauti nyembamba inayopenya ngoma zote. Kwenye kasha la albamu hiyo, wanawake wanaoimba wametajwa kwa majina yao.